Pa Kuketi Bila Kuulizwa

Mwaka nilioacha chuo kikuu niliendelea kwenda mjini kila siku kama mwanafunzi. Nilitoka nyumbani Kawangware saa kumi na mbili na nusu asubuhi, begi mgongoni, daftari mbili ndani, na nauli ya matatu ya 46 ambayo mama alikuwa amenihesabia usiku uliotangulia. Nilishuka mjini, nikavuka barabara mbili tatu, nikaingia bustani ya Jeevanjee, nikakaa. Hiyo ndiyo ilikuwa ratiba yangu kwa miezi mitano.

Sababu za kuacha hazina maajabu. Karo ilikwama, mitihani miwili ikanipita, na siku niliyopata namna ya kurudi nikagundua kwamba sitaki kurudi. Kilichonishinda ni kumwambia mama. Kwa hiyo nilihitaji mahali pa kuwa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, bila pesa.

Ukitaka kuijua Nairobi vizuri, jaribu kukaa katikati ya mji siku nzima na mfuko mtupu. Mkahawani lazima uagize chai ndiyo uruhusiwe kiti, na chai ikiisha wanaanza kupangusa meza yako mara tatu tatu. Ukiketi kwenye ngazi za benki, mlinzi anakuja baada ya dakika kumi: "Boss, kuna mtu unangoja?" Hata choo unalipia. Mji huu unakubali upite, ununue, upande gari na uende kwenu. Kukaa tu, hapana. Jeevanjee ndiyo ilikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyeniuliza kitu.

Aliyeniuliza mwishowe ni mzee mmoja wa kofia ya kijivu, ambaye alikuja kila siku na gazeti la jana. Wiki ya tatu alikunja gazeti, akaniangalia, akasema, "Kijana, wewe huna kazi, ama kazi yako ni kukaa?"

Nikamwambia nangoja darasa.

"Darasa gani haliishi kungojwa?" akacheka. Kisha, kama mtu anayenihurumia, akabadilisha mada. "Unajua nani alikuwa amesimamishwa hapa ndani?"

Sikujua. Nilikuwa nimepita miaka miwili ya chuo kikuu, umbali wa kutembea dakika chache kutoka hapo, na sikujua chochote kuhusu nyasi nilizokuwa nimekalia.

Aliyesimamishwa pale ni Malkia Victoria. Sanamu yake ilizinduliwa mwaka wa 1906 na mwanawe, Mtawala wa Connaught, aliyekuwa akizuru Afrika Mashariki. Malkia mwenyewe alikuwa amefariki mwaka wa 1901 na hakuwahi kukanyaga nchi hii. Nairobi wakati huo ilikuwa na umri wa miaka saba. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka wa 1899, ikakuta tambarare yenye maji baridi na matope, na wahandisi wakaweka kambi ya kupumzikia kabla ya kupanda bonde la ufa. Mwaka wa 1905 makao makuu ya serikali ya kikoloni yakahamishwa kutoka Mombasa kuja kwenye kambi hiyo. Yaani mji ulikuwa bado unanuka mbao mbichi, lakini tayari una malkia wa mawe.

Mtu aliyemweka malkia huyo hakuwa Mwingereza. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka wa 1856, akafika Mombasa mwaka wa 1890 akitafuta biashara. Reli ilimtajirisha. Zaidi ya wafanyakazi 31,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na kampuni ya Jeevanjee ilikuwa miongoni mwa zilizopata kandarasi za kuleta watu na kuwalisha. Alijenga maduka, alijenga ofisi, akawa anaipangisha serikali majengo. Mwaka wa 1902 alianzisha gazeti lililoitwa African Standard. Aliliuza miaka mitatu baadaye, na hadi leo ukisoma The Standard unasoma mjukuu wa gazeti lake. Ile ardhi ya bustani, kama ekari tano hivi, aliwapa watu wa Nairobi iwe mahali pa kupumzikia.

Kwa siku nyingi nilijiuliza kwa nini mtu anunue bustani, aitoe bure, kisha katikati yake aweke mtawala aliyemtawala. Nikafikia jibu langu mwenyewe. Naona Jeevanjee alikuwa anaomba kiti. Alikuwa anawaambia Wazungu wa Nairobi: sisi sote ni raia wa mama mmoja, huyu hapa, basi tukae pamoja chini yake. Ni kama mgeni anayekuja na kitanda cha mwenye nyumba mabegani ili asinyimwe pa kulala.

Kama hilo ndilo lilikuwa ombi, alijibiwa nusu nusu. Mwaka wa 1909 aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiye Mzungu kuingia humo. Lakini nyanda za juu zenye rutuba zilihifadhiwa Wazungu, na Mhindi hakuruhusiwa kupata shamba huko hata akiwa na pesa za kununua kilima kizima. Jeevanjee alisafiri hadi London kulalamika. Alifariki mwaka wa 1936, utajiri mwingi ukiwa umeshapukutika, na usawa alioutaka bado haujafika.

Na huyo alikuwa na pesa. Sasa fikiria babu wa babu yako.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1910 kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kubeba kipande: karatasi ya jina lake, alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Askari angeweza kukisimamisha chochote ulichokuwa ukifanya na kuuliza uko hapa kwa nini, na umetumwa na nani. Mtu wa namna hiyo umfungulie bustani, umwekee benchi, umwambie karibu, atakaa vipi? Benchi linamfaa mtu asiyedaiwa maelezo.

Waliochoka kutoa maelezo walikusanyika mwezi Machi mwaka wa 1922, umbali mfupi sana kutoka Jeevanjee. Harry Thuku, karani aliyekuwa akipinga kipande, kodi na kazi za lazima za wanawake, alikuwa amekamatwa na kuwekwa kwenye kituo cha polisi. Umati ukaja, ukakaa nje, ukakataa kuondoka. Tarehe 16 wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru alijitokeza mbele akawaaibisha wavue suruali zao wampe yeye. Umati ukasonga. Polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21. Leo barabara inayopita hapo inaitwa Harry Thuku. Mimi niliipita mara mia nikielekea maktaba, nikiangalia simu.

Mzee wa kofia ya kijivu hakuniambia haya yote. Alinipa ncha ya uzi, nami nikawa na muda wa kuuvuta. Jeevanjee nayo ina walimu wengi. Saa ya chakula cha mchana wahubiri wanapokezana, kila mmoja na Biblia yake na spika yake, mbingu ikifunguliwa na kufungwa mbele ya watu wanaokula njugu. Pembeni kuna wale wa Bunge la Mwananchi, ambalo kwa miaka mingi limekutana kwenye bustani hii: watu wanasimama, wanajadili bei ya unga, katiba, ufisadi, wanapewa zamu, wanazomewa, wanakaa. Hakuna anayelipwa marupurupu. Siku moja nilisimama nikasema maneno mawili kuhusu karo. Nilitetemeka magoti. Jamaa mmoja akanijibu kwa ukali, mwingine akanitetea, na mimi nikakaa chini nikiwa mtu aliyesikika. Darasani haikuwahi kunitokea.

Bustani hii karibu itutoke. Mwaka wa 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga juu yake maegesho ya magari ya ghorofa. Ilikuwa enzi ambapo kiwanja cha umma kilikuwa kinalala kikiwa cha umma na kuamka kikiwa na mwenyewe. Aliyesimama kwanza ni Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, na Wangari Maathai akawa upande wake. Miaka miwili kabla, Maathai alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 ambalo chama tawala kilitaka kulisimika ndani ya Uhuru Park. Bungeni walimkejeli, wakamwambia arudi kwa wanawake wenzake. Jengo halikujengwa. Maegesho nayo hayakujengwa. Ndiyo maana mwaka niliotoroka chuo kulikuwa na nyasi za kunikalisha.

Malkia ndiye hakudumu. Mwaka wa 2015 watu wasiojulikana waliivunja sanamu yake. Nimesoma waliofurahi na nimesoma waliohuzunika. Mimi nadhani kufikia hapo alikuwa ameshapitwa. Kuna mtu alikuwa anahubiri, kuna mtu alikuwa anauza mayai ya kuchemsha, kuna kijana alikuwa anamwongopea mamake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameomba ruhusa yake.

Hapo kwa mama ndipo nilikuwa naogopa kufika.

Mama hufanya kazi za nyumba Kileleshwa. Kwa miaka kumi na minne ametoka Kawangware kwa miguu alfajiri, akapitia Lavington, akafika kazini, na jioni akarudi hivyo hivyo. Ukiamka mapema utawaona, maelfu, wanawake wenye leso na mifuko ya plastiki upande mmoja wa barabara, wanaharakisha kwenda kuamsha nyumba za watu wengine. Ramani ya safari yao ilichorwa zamani. Mwaka wa 1913 mtaalamu wa afya aitwaye Profesa W. J. Simpson aliletwa kukagua miji ya Afrika Mashariki iliyokuwa imesumbuliwa na tauni, na dawa aliyopendekeza ni kutenganisha watu kwa rangi. Nairobi ikajipanga kwa mtindo huo: vilima vyenye miti vya magharibi na kaskazini kwa Wazungu, Parklands na Ngara kwa Wahindi, na Waafrika mashariki, kule tambarare. Leo hakuna sheria inayokukataza kuishi Kileleshwa. Kuna kodi ya nyumba tu.

Katikati ya vilima hivyo ndipo ilipo Arboretum. Ilianzishwa mwaka wa 1907 na Edward Battiscombe, afisa wa misitu wa serikali ya kikoloni, na haikuanzishwa kwa ajili ya mapumziko. Ilikuwa shamba la majaribio. Treni za wakati huo zilikula kuni, misitu ya karibu na reli ilikuwa inaisha, na serikali ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua haraka hapa ili ikatwe na kuchomwa. Wakaleta mikaratusi kutoka Australia, misonobari, na miti ya kila bara walilotawala na ambalo hawakutawala. Mwaka huo huo nyumba ya gavana ilijengwa hapo jirani, ile ambayo leo ni Ikulu. Kwa hiyo majaribio ya kuni za himaya yakawa pia mandhari ya mtawala. Mwaka wa 1932 eneo hilo, kama hekta 30, likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya msitu. Treni zikaacha kula kuni, himaya ikaondoka, miti ikabaki inarefuka. Kuna aina zaidi ya 300 sasa. Kufikia miaka ya tisini mahali hapo palikuwa pamezeeka na watu waliogopa kupita. Mwaka wa 1993 wakazi wakaunda kikundi cha marafiki wa Arboretum, wakaanza kusafisha njia na kuweka majina kwenye miti.

Mwezi wa tano wa utoro wangu nililipwa kwa makala yangu ya kwanza. Haikuwa pesa ya kutaja. Lakini ilikuwa yangu, na ilinipa ujasiri kidogo. Nikampigia mama Jumamosi, siku ambayo hutoka kazini mapema, nikamwambia tukutane Arboretum.

"Wapi?"

"Arboretum. Pale unapitaga karibu."

"Huko kwa watu wa Ikulu? Tutaingia namna gani?"

Nilidhani anatania. Miaka kumi na minne amefanya kazi umbali mfupi kutoka pale, na muda wote huo alijua kwamba ule msitu ni ua la rais. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyehitaji kumfukuza.

Nilitembea kutoka Jeevanjee, nikapanda Barabara ya Ikulu taratibu, mabweni ya wanafunzi yakiwa kando, nikiinamisha uso nisionwe na mtu tuliyesoma naye. Mama alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amesimama mbali kidogo na lango, kama mtu anayengoja gari, ili mtu akimuuliza awe na jibu. Nikalipa kiingilio cha wawili kwa simu. Ndiyo, unalipa. Jeevanjee alitoa ekari zake bure. Huku bado kuna lango, na ada hiyo, hata ikiwa ndogo, ni kitu ambacho mama angekihesabu kwa mikate.

Tukaingia. Kulikuwa na watu wa harusi wanapigwa picha, watoto wanabingirika kwenye nyasi, kundi la kanisa linaimba kwa mikono juu, wapenzi kila kona. Nyani mmoja alikuwa amemnyang'anya mtu ndizi. Mama alitembea katikati ya njia mikono imefungwa nyuma, kama mtu aliye ndani ya nyumba ya tajiri wake na hataki kugusa kitu. Kisha akasimama.

"Huu si ni mukima?"

Ulikuwa mgrevilea, mrefu, majani kama unyoya. Kwa nyanya yangu Murang'a umezunguka shamba lote. Ndio kuni, ndio mbao, ndio mpaka wa jirani. Nikamwambia asili yake ni Australia, uliletwa na wakoloni.

Mama akauangalia kutoka chini hadi juu. "Wacha wee. Hao Australia ndio walitoa kwetu."

Sikubishana. Ukipika kwa kuni za mti fulani maisha yako yote, ukaezekea mbao zake, ukamzika baba yako kando yake, utaambiwa na nani kwamba ni mgeni?

Tukakaa chini ya huo mukima. Mama akavua viatu. Nikaona visigino vyake, na nikajua kwamba nisiposema saa hiyo sitasema tena. Nikamwambia. Kwamba niliacha chuo. Kwamba ni miezi mitano. Kwamba kila asubuhi nilikuwa naenda kukaa.

Alinyamaza muda mrefu. Wale wa kanisa walimaliza wimbo mmoja wakaanza mwingine.

"Na ile nauli?"

"Nilikuwa napanda matatu."

"Kwenda kukaa?"

"Kwenda kukaa."

"Na mimi nilikuwa natembea," akasema.

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Nilitaka kumweleza kuhusu Bunge la Mwananchi, kuhusu makala, kuhusu mzee wa kofia ya kijivu, lakini kila nilichokifikiria kilikuwa kinaanza na nauli yake. Nikanyamaza nami. Akang'oa jani la nyasi, akalikunja, akalikunjua.

"Hiyo umeandika ni ya nini?"

"Ya historia. Ya mji."

"Wanalipa?"

"Kidogo."

"Basi kuanzia Jumatatu utajilipia nauli." Akanyoosha miguu. "Na hiyo ya karo tutaongea nyumbani. Usidhani imeisha."

Haikuisha. Tuliongea nyumbani, na tukaongea tena, na kuna siku bado tunaiongea. Lakini jioni ile hakuongeza neno. Aliegemea mukima wake na kufumba macho. Karibu saa kumi na mbili askari wa msitu akaanza kuzunguka akiwakumbusha watu kwamba wanafunga. Akatufikia, akasimama. Nikaanza kuokota begi, haraka haraka, kama nilivyozoea.

Mama hakufumbua hata macho. "Wacha kwanza," akasema. "Sijamaliza kukaa."

Askari akatuangalia wote wawili, akapita kwenda kuwaambia wengine.